ASUS X99-E WS: ubao mama wa kadi nne, na hesabu ya njia kabla ya kulipa

Mtu akiutazama ubao mama juu juu, huhesabu sloti ndefu za kadi za picha na kudhani kazi ya kuchagua imekwisha. Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika alinionyesha ubao wenye sloti mbili ndefu, akaniambia, "Kadi mbili zinaingia hapo bila shida, bosi," nami nikalipa. Kadi ziliingia kweli, ila draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha kadi, haikunipa kabisa chaguo la kuziunganisha kwa SLI, mfumo wa kampuni hiyo wa kuzifanya kadi zaidi ya moja zichore mchezo kwa pamoja. Usiku nilimulika tochi ya simu ndani ya sloti ya pili, nikaona vipini vyake vya chuma vinaishia karibu na mwanzo, na sehemu yote iliyobaki ni plastiki tupu. Sloti hiyo ilikuwa na urefu wa njia 16 (njia ni mikondo ya PCI Express inayopitisha data kati ya kadi na prosesa) lakini imeungwa njia 4 tu, tena kupitia chipu ya ubao badala ya kwenda moja kwa moja kwenye prosesa. SLI hudai angalau njia 8 kwa kila kadi. CrossFire, mfumo wa AMD unaofanana na SLI, huvumilia njia 4, kwa hiyo muuzaji hakusema uongo mtupu. Alisema ukweli wa kadi za kampuni nyingine.

Nilipotafuta ubao wa pili niliacha kuhesabu sloti nikaanza kuhesabu njia. Prosesa za kawaida za Intel za soketi LGA 1150, zile zinazokaa kwenye ubao wa Z97, hutoa njia 16 za PCI Express 3.0 kwa ajili ya kadi. Kadi ikiwa moja huzichukua zote, na zikiwa mbili hugawana nane nane, mradi mtengenezaji wa ubao awe ameweka swichi za kuzigawa. Prosesa zinazokaa kwenye ubao wa X99, zilizotoka mwaka 2014, zina nafasi zaidi: Core i7-5930K na i7-5960X zina njia 40 kila moja, ilhali i7-5820K, ambayo bei yake ndiyo huwavuta wengi, ina 28 tu. Njia moja ya kizazi hicho hupitisha karibu gigabaiti 1 kwa sekunde kila upande.

Hapo ndipo ASUS X99-E WS inapojitenga na wenzake. Ina sloti saba, zote za urefu kamili, na chini ya vipoza joto vyake zimo chipu mbili za PLX, aina ya PEX 8747, ambazo kila moja huchukua njia 16 kutoka kwenye prosesa na kutoa 32 kwenye sloti. Kwa mpango huo kadi nne hupata njia 16 kila moja. Hata hivyo, mtu asidhani chipu hizo zinaumba njia mpya, kwa maana kadi mbili zilizo chini ya chipu moja bado hupita mlango mmoja wa njia 16 zinapotaka kuifikia prosesa. Faida yake huonekana pale data ileile inapotakiwa na kadi zaidi ya moja, kwa kuwa chipu huipokea mara moja na kuinakili, na pia pale kadi zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe bila kuisumbua prosesa. Gharama yake ni ucheleweshaji kidogo, joto la ziada na bei. Aidha, chipu mbili zinataka njia 32 kutoka kwenye prosesa, kwa hiyo kuufunga ubao huu na i7-5820K ya njia 28 ni kununua basi la abiria 60 na kulitilia mafuta ya pikipiki.

Ukubwa wake nao unahitaji rula. Ubao huu ni wa kipimo cha CEB, sentimita 30.5 kwa 26.7, yaani umezidi ATX ya kawaida kwa zaidi ya sentimita 2 upande wa ndani, na katika kasha langu ulifunika nusu ya matundu ya kupitishia kebo. Anayetaka kadi nne nene ajue pia kwamba ile ya sloti ya saba itahitaji nafasi ya nane, na makasha mengi yana saba tu. Mimi nimeweka kadi mbili za NVIDIA aina ya GTX 980 Ti, moja sloti ya kwanza na nyingine ya tano, ili sloti mbili tupu katikati zipitishe hewa. Daraja fupi la SLI nililokuwa nalo, yaani kiunganishi kinachofungwa juu ya kadi mbili, halikufika, ikanibidi nitafute la sentimita 8.

Umeme hauna mjadala mrefu. Kila kadi ya aina hii imepangiwa wati 250 na prosesa wati 140, kwa hiyo nilichukua pawasaplai ya wati 1000 na sijajuta.

Sasa michezo yenyewe. Hapa sina budi kuwa mkweli kuliko tangazo la dukani. Kadi mbili za gigabaiti 6 hazikupi gigabaiti 12, kwa sababu kila kadi hubeba nakala yake ya picha zilezile, na zinapopokezana fremu huweza kutokea mkwamo mdogo wa picha ambao namba za fremu kwa sekunde hazikuonyeshi lakini jicho linauona. NVIDIA iliacha kuongeza mipangilio mipya ya SLI kwenye draiva tangu mwanzo wa 2021, kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia, ikawaachia watengenezaji wa michezo kazi ya kuziunganisha kadi wenyewe. Wachache tu wamejisumbua. Mchezo wa Shadow of the Tomb Raider wa 2018 ni mfano mmojawapo. RTX 4090 ya 2022 haina hata kiunganishi cha NVLink, kilichochukua nafasi ya daraja la SLI.

Kwa hiyo, mwenye kadi mbili na hamu ya michezo ya miaka ile hahitaji ubao huu. Ubao wa Z97 unaogawa nane nane utamtosha, kwani tofauti kati ya njia 8 na 16 ni ndogo katika michezo mingi, na pesa inayobaki itanunua pawasaplai nzuri. Asiye na kadi yoyote anunue moja yenye nguvu. Wangu nimebaki nao kwa sababu mchana unafanya kazi ya Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ambayo hugawia kila kadi sehemu yake bila kuuliza SLI wala daraja, na sloti ya saba tayari imeagiziwa kadi ya tatu.