Kamera yangu na Ubuntu: nyota sijui nitoe ngapi

Duka la kompyuta hapa Dar, jina silitaji. Nimepeleka laptopu yenye Ubuntu (aina ya Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows), nikichomeka kamera picha hazitoki. Kijana hata kuigusa hakuigusa. "Braza, Linux ni ya mahaka hiyo. Nikupigie Windows, jioni unachukua." Namwambia nina picha za sendofu ya watu humo, ananijibu huku anachati: "Basi kaa nazo."

Nikaondoka nimefura. Na msiniambie nitoe kadi nitumie kadi rida. Kadi ni ya GB 64, imekuja na exFAT, yaani mpangilio wa mafaili wa kadi kubwa, na Linux inaisoma yenyewe tangu kerneli (kiini chake) 5.4 ya mwaka 2019. Tundu la kadi kwenye laptopu ndilo lililokufa. Limebaki waya.

Usiku nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Nikaita gphoto2, programu ya kuongea na kamera kwa waya: gphoto2 --auto-detect, kamera hiyo hapo, jina na modeli. Naomba picha, inagoma: kifaa cha USB kimeshashikwa. Kimeshikwa na nani, mbona niko peke yangu? Kumbe ni Linux yenyewe! Ukichomeka tu, kuna kijiprogramu cha chinichini, gvfsd-gphoto2, kinaiwahi kamera ili kikufungulie dirisha la mafaili. Dirisha lenyewe kwangu linazunguka tu, halitoi kitu, na kamera haliachii. Mbwa wa shamba kabisa: nyasi hali, ng'ombe hamruhusu. Mtu unatafuta sendofu ya watu saa saba usiku, kompyuta inagombana na nafsi yake!

Nikakiua: pkill -f gvfsd-gphoto2. Kimya. Kisha gphoto2 --get-all-files, na picha zikaanza kushuka, jina baada ya jina. Nilipiga kofi mezani.

Na hapo ndipo hasira ikanigeuka. Maana ukishamfukuza yule, gphoto2 ni balaa. Napiga picha kutoka kwenye kompyuta, inatua humohumo kwenye diski, naifungua RAW (picha ghafi) kwenye darktable, programu ya kusafishia picha, na sijalipa hata senti. Nilikuwa nimepanga kuipa Ubuntu nyota moja, nikapandisha nne.

Jana nimechomeka tena, kijiprogramu kimewahi tena. Kila mara nianze kukiua upya? Basi tatu. Au mbili na nusu, sijui. Mwenye njia ya kukizima moja kwa moja aseme, Jumamosi nina kicheni pati.