Google Drive kwa ofisi ya Mtwara: kabati zuri, kaunta mbovu

Kwa mwenye haraka: Google Drive, huduma ya Google ya kuweka mafaili mtandaoni, inafaa sana kutunzia nyaraka za ofisi ya Mtwara au Lindi, na haifai kuendeshea mauzo ya papo kwa papo. Mei 2024 iliwaumbua wengi. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, na tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Duka lililoweka bei na stoo yote mtandaoni halikuwa na pa kusomea.

Nafasi ya bure ni GB 15, ila inagawanwa na Gmail na Google Photos. Hapo ndipo wengi hunasa. Picha ya simu ina kama MB 3. Ghala linalopiga picha karatasi 200 kwa siku msimu wa korosho linamaliza GB 15 ndani ya siku 25 hivi. Ikijaa, mafaili hayapandi, na hata barua pepe haziingii. Mnunuzi katuma mkataba, wewe huna habari. Acha kamera ya kawaida. Tumia skana iliyomo ndani ya programu ya Drive kwenye simu, chagua nyeusi na nyeupe. Inakata kingo na kutoa PDF ndogo kuliko picha kwa mbali.

Kupandisha mafaili ya zamani kunataka subira. GB 10 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde ni zaidi ya saa 11, kwa hiyo ni kazi ya usiku. Izuie laptopu isilale, na ruta ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba): umeme ukienda, laptopu ina betri yake lakini ruta inazima na kazi inasimama.

Sehemu nyeti kuliko zote ni programu ya Drive ya kwenye kompyuta. Inakupa njia mbili: mafaili yakae mtandaoni na kuvutwa yanapohitajika, au nakala kamili ikae pia kwenye diski yako. Ya kwanza ndiyo inayokuja yenyewe, na kwa huku kwetu ndiyo mbaya. Ingia kwenye mipangilio, weka ya pili. Mtandao ukikata utaendelea kufungua mikataba na ankara, na mabadiliko yatapanda ukirudi.

Lakini nakala hiyo si kinga ya kufuta. Karani akifuta folda kwenye mashine moja, inafutika kote. Inabaki kwenye pipa la taka siku 30, kisha basi. Virusi vinavyofunga mafaili navyo hupanda hivyohivyo. Kwa hiyo diski ya nje bado inahitajika: nakili kila Jumamosi, chomoa, ifungie. TRA inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na siku 30 hazitakuokoa.

Leja ya stoo isiwe faili la Excel linalofunguliwa na watu wawili. Wakiandika wote mtandao ukiwa haupo, utapata nakala mbili zinazogombana. Iweke kwenye Google Sheets, na uwashe matumizi ya nje ya mtandao kwenye Chrome mapema, maana mtandao ukishakata hayawashiki.

Jingine ni umiliki. Kwenye akaunti za bure, faili ni la aliyelitengeneza. Mhasibu akiondoka na Gmail yake, leja iko mikononi mwake. Fungua akaunti ya ofisi, washa uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa simu), na uchapishe zile namba 10 za akiba uzifungie kwenye sefu. Laini ya simu ikipotea, hizo ndizo zitakazokuingiza. Ofisi yenye watu watano na zaidi ilipie Google Workspace, huduma ya Google kwa ofisi, daraja lenye folda za pamoja ambazo mwenyewe ni kampuni.

Anayehifadhi nakala za vitambulisho vya wakulima au wateja akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, ina masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Folda hizo zisiwe na kiungo cha "yeyote mwenye linki". Ingia, ondoa, weka majina ya wahusika mmoja mmoja.