Hanga ya taulo ya umeme kwa Dodoma, ununue au uache? Nimevipanga vitu vya bafuni kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho

Siku hizi mtu akimalizia nyumba huku Iyumbu, Nzuguni au Ilazo, akishaweka tailizi na choo cha kukaa anaanza kuulizia vitu vya kunogesha bafu, na humo ndo inapoingia hanga ya taulo ya umeme, zile bomba za kung'aa zinazopata moto ili ukitoka kuoga ujifute na taulo lenye joto. Jibu langu la haraka, kwa Dodoma iwe ya mwisho kwenye listi yako.

Sio kwamba ni kitu kibaya. Kina faida sana kwenye nchi za baridi yenye unyevu kama Uingereza, taulo likianikwa ndani linashinda siku nzima bado bichi mpaka linaanza kunuka. Sisi huku unyevu sio shida yetu kabisa. Mvua zinaanza kama Desemba zinaishia Aprili, miezi mingine yote ni jua na upepo, taulo unalianika asubuhi na kabla ya mchana limekauka kau. Sasa unalipia umeme ufanye kazi ambayo hewa ya Dodoma inaifanya bure? Bafu la Dodoma lina shida zake, kuna baridi ya asubuhi mwezi wa 6 mpaka wa 8, kuna maji ya chumvi, kuna mgao wa maji, kwahiyo mi navipanga vitu kwa kuangalia hizo.

Namba moja ni maji ya moto, na hapa naomba usome taratibu maana ndo pesa nyingi inapopotea na ndo kwenye hatari. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na watu waliohamia kutoka Dar ile Juni ya kwanza inawashangaza, maji ya simtanki lililolala nje usiku kucha yanauma. Wengi wanakimbilia shawa ya umeme ya kupasha papo hapo kwasababu ni rahisi kununua na rahisi kufunga. Ni nzuri, ila ukiwa unatumia maji ya kisima usinunue yoyote tu. Shawa nyingi za bei ndogo koili yake, ule waya unaopasha maji, iko wazi ndani ya maji, na maji yakiwa na chumvi yanapitisha umeme zaidi, ndo unasikia mtu anasema akigusa bomba anapigwa shoti. Muulize muuzaji ile ambayo koili yake imefunikwa, ya maji ya chumvi, utaongeza hela kidogo lakini usiibishie hiyo hela. Alafu fundi akuwekee waya wake peke yake kutoka kwenye mainswichi, mnene, wa milimita 4 au 6, na sakiti breka yake, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Fundi akikwambia ethi haina umuhimu, tafuta fundi mwingine, hapo hakuna kubembelezana.

Kuhusu LUKU, shawa nyingi ni wati 5,500. Familia ya watu wanne, kila mtu dakika 5, ni dakika 20 kwa siku, hapo umekula karibu uniti 1.8, kwa mwezi kama 55. Kama nyumba yako iko kwenye ile bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shawa ukijumlisha na matumizi mengine ya nyumbani inaweza kukutoa humo, ukaanza kulipa uniti moja zaidi ya shilingi 350. Kwahiyo iwashe miezi ya baridi, Novemba maji ya simtanki yanakuwa ya uvuguvugu yenyewe kwa jua. Kama nyumba ni yako na unakaa miaka, sola ya kupashia maji ndo mwisho wa maneno, jua tunalo mpaka linatuzidi, ila bei yake kuanza ni kubwa na mpangaji haimfai. Ya gesi sawa, ila mtungi na mashine vikae nje ya bafu, ndani ya bafu lililofungwa moshi wake unaua bila hata kunuka.

Namba mbili ni mnara wa simtanki. Najua sio kitu cha kunogesha bafu, lakini bila presha shawa ya umeme haiwaki, inasubiri maji yasukume swichi ya ndani, na tanki lililokaa usawa wa paa halisukumi kitu. Mgao ukija pia ndo linakuokoa.

Namba tatu kibomba cha kubonyeza cha pembeni ya choo. Bei ndogo, kazi kila siku. Chukua chenye mpira wa chuma uliosukwa, wa plastiki unapasuka, na kiwe na koki yake ukutani uifunge ukimaliza, maana mpira ukipasuka usiku ukiwa umelala simtanki zima linaishia sakafuni.

Shawa kubwa ya mvua, ile pana ya juu, inapendeza lakini kwa maji yetu matundu yanaziba ukoko mweupe, nusu inamwaga pembeni, nusu imekufa. Ukiipenda chukua yenye vitundu vya raba, unavisugua kwa kidole ukoko unatoka, ile ya chuma tupu utailoweka kwenye siki mpaka uchoke.

Mkeka wa kuzuia kuteleza, kama bibi au babu anakaa kwako, upandishe mpaka juu kabisa ya listi, leo leo.

Ndo tunafika kwenye hanga ya umeme. Nani anunue? Mtu wa Makete, Njombe au Lushoto, huko baridi na ukungu vinaeleweka. Dodoma labda masta isiyo na dirisha, au wewe unayekaa barabara ya vumbi kiasi kwamba taulo la nje linarudi jekundu, japo hata hapo hanga ya kawaida ya stenlesi karibu na dirisha inatosha. Ukiamua kununua, iwe ya wati 60 mpaka 150, yenye taima, swichi yake iwe nje ya bafu, na kwenye boksi uone IP44 au zaidi, yaani alama kwamba kifaa kinahimili kurushiwa maji. Ya wati 100 ukiiwasha masaa 4 kwa siku ni uniti 12 kwa mwezi, ukiisahau inawaka saa 24 ni 72. Hiyo taima usikubali ikosekane.