Tathmini ya karatasi ya kura ya mchujo wa umeya, New York

Miongoni mwa huduma ambazo jiji la New York huwapa wakazi wake, karatasi ya kura ya mchujo wa umeya, yaani uchaguzi wa ndani ambao chama humteua mgombea wake, naipa alama za juu, ingawa si zote. Tangu 2021, kufuatia uamuzi wa wapiga kura wa mwaka 2019, mwanachama wa chama anaweza kuwapanga wagombea hadi 5 kwa kadiri anavyowapendelea. Mbele ya kila jina kuna viduara 5 vya kujazwa wino, kimoja kwa kila nafasi, na anayewapa wagombea wawili nafasi ya kwanza huharibu chaguo lake, kwa hiyo mkono usiwe na haraka. Asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, mgombea wa mwisho huondolewa, na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura, hatua kwa hatua, hadi mshindi apatikane. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu unampigia unayemwamini bila hofu ya kupoteza kura.

Uhesabuji, hata hivyo, unahitaji umakini mkubwa: mwaka 2021, kabla ya Eric Adams kumshinda mpinzani wake Kathryn Garcia katika mchujo wa chama cha Democratic kwa kura zisizofika 8,000, matokeo ya awali yalifutwa kwa kuwa kura za majaribio zipatazo 135,000 zilikuwa zimechanganywa humo. Linaloniuma zaidi ni kwamba utaratibu huu hautumiki katika uchaguzi mkuu wa Novemba, ambako anayeongoza hushinda hata bila kufikisha nusu ya kura.