Kempa ya 4x4 yenye baiskeli ndani: pima baiskeli kwanza, gari baadaye

Wauzaji wa kempa za 4x4, yaani magari ya kusafiria na kulala ndani, wanapenda kuanza na injini, tairi zenye meno makali na picha ya gari likiwa limepanda juu ya jabali. Mimi nilikwenda na futikamba, na vipimo vya baiskeli yangu vikiwa mfukoni. Nimeshalijua gari langu likiwa safi na likiwa limejaa tope, na msimamo wangu ni uleule: kama baiskeli inalala ndani, kimo cha kitanda kutoka sakafuni ndicho kinachoamua mengine yote.

Hesabu yenyewe ni hii. Baiskeli ya milimani ya kisasa yenye magurudumu ya inchi 29, saizi kubwa, ina karibu mita 2 kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya la nyuma. Hendeli yake ina upana wa sentimita 78 hadi 80, na iko zaidi ya mita moja kutoka chini. Ukitaka kuisukuma chini ya kitanda ikiwa nzima, kitanda lazima kiwe kwenye mita 1.15 hivi. Sasa chukua Sprinter ya paa refu, gari la mizigo la Mercedes linalogeuzwa kuwa kempa: ukishaweka sakafu na kuziba kuta na dari dhidi ya baridi, unabaki na kimo cha kama mita 1.9. Toa kitanda, toa godoro la sentimita 10, zinabaki sentimita 65. Mtu mzima hakai hapo. Unaingia kwa kutambaa, unavaa soksi umelala chali, na mwenzako akitaka kutoka usiku nyote mnaamka.

Ukivua gurudumu la mbele, mambo yanabadilika. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inafungwa kwenye kishikio cha sakafuni, hendeli inashuka kama sentimita 20 hadi 25, na urefu wa baiskeli unapungua hadi mita 1.6 hivi. Siti unaishusha mpaka mwisho. Kitanda kinatosha kuwa kwenye sentimita 90, na juu ya godoro unabaki na nafasi ya kukaa wima, ukasoma, ukanywa chai. Kuvua gurudumu ni kazi ya sekunde chache tu. Watu wanaolalamikia kazi hiyo hawajalala chini ya dari ya sentimita 65.

Kuna suluhisho lingine, kitanda cha umeme kinachopanda kuelekea darini, kama kile cha Winnebago Revel. Nilikifikiria sana. Mchana ni kizuri mno: unakipandisha na nyuma yote inakuwa karakana. Lakini usiku baiskeli bado zipo pale chini, kwa hiyo kitanda kinabaki juu palepale, labda uzitoe nje zilale kwenye umande. Na hapo sababu ya kuziweka ndani inakuwa imekufa. Ongeza uzito wa mota na reli zake, nikaachana nacho. Kwa anayebeba baiskeli mara chache na mizigo mingine mara nyingi, kinafaa kuliko changu.

Na kwa nini zisikae kwenye keria ya nyuma? Barabarani kwenye lami sina neno. Kwenye njia mbaya, keria inarefusha makalio ya gari. Ukishuka kwenye korongo, ya kwanza kugusa ardhi ni yenyewe. Milango ya nyuma haifunguki bila kuhangaika, vumbi lote linaloinuliwa na tairi linaingia kwenye mnyororo na beringi, na ukisimama kununua mkate unaweka macho dirishani.

Upande wa gari lenyewe, Fiat Ducato ilinivutia kwa upana wake wa ndani, mita 1.87, kiasi kwamba watu wengi wanaweza kulala kwa kukingama. Tatizo ni kwamba kutoka kiwandani inavutwa na tairi za mbele. Ukitaka magurudumu manne inabidi iende kwa wabadilishaji. Ford Transit ya magurudumu manne ni nzuri barabarani na ni rahisi kuizoea. Mimi niliishia kwenye Sprinter 4x4, ile ambayo nafasi kati ya ekseli mbili ni mita 3.665, siyo ndefu ya mita 4.325. Ndefu inakupa sebule, ila tumbo lake linakwaruza kwenye matuta na kona za njia za msituni inazikata kwa shida. Nilitafuta ya kabla ya modeli ya 2023 kwa makusudi: hizo ziliweza kuagizwa na gia ya nguvu ya kutambalia, na mfumo mpya hauna. Kwa kuwa Sprinter ni nyembamba kuliko Ducato, kitanda changu kinafuata urefu wa gari, mita 1.9. Ni sawa, kwa sababu baiskeli mbili chini yake zinachukua mita 1.6, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma ili hendeli zipishane. Sentimita zinazobaki ndipo tenki la maji lilipo.

Jiko, kabati, choo: vya kawaida, vinafanya kazi.

Gereji, yaani nafasi ya baiskeli chini ya kitanda, ndiyo iliyonikera mwanzoni. Fundi aliyeijenga alitandika zulia, ati lipunguze kelele. Zulia chini ya baiskeli iliyotoka matopeni! Likaanza kunuka mapema. Nimelitoa, nimetandika mpira mzito uliokunjwa kingo kama sinia, naufuta kwa kitambaa. Vishikio vya foku navyo vilikuwa vimefungwa kwa skrubu kwenye mbao tu. Barabara ya vumbi yenye mawimbi ikazilegeza zote. Dai boliti zinazopita mpaka kwenye chuma, zenye bamba upande wa pili, maana baiskeli ya kilo 15, au ya umeme ya kilo 24, ikichomoka wakati wa breki ya ghafla inakuja moja kwa moja mgongoni mwako. Halafu kila gurudumu likivuliwa, chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi za breki. Mtu akiegemea mkono wa breki bila kipande hicho, pedi zinabana na diski haiingii tena.

Unyevu usiupuuze. Baiskeli mbili mbichi, viatu, na watu wawili wanaopumua usiku kucha vinatosha kulowesha madirisha yote. Nimepeleka bomba moja la hita ya dizeli gerejini na feni ya paa naiacha wazi kidogo. Joto hilo lina faida nyingine kwa baiskeli za umeme: betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na chaja ya kawaida, inayokula kama wati 150 hadi 200, inveta ndogo, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari kuwa kama wa nyumbani, inaibeba bila shida.

Kabla ya kulipa, uliza uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba baada ya ujenzi kukamilika, siyo kabla. Mfumo wa 4x4, betri, maji lita 80 ambayo ni kilo 80, baiskeli mbili za umeme karibu kilo 50, halafu nyinyi wenyewe. Ulaya, leseni ya kawaida ya daraja B kwa kempa za dizeli kama hizi imezoeleka kuishia kilo 3,500, na magari mengi ya aina hii yanafika hapo hata kabla hujapakia chakula. Mwambie muuzaji mwende mizani pamoja, tenki likiwa limejaa. Akikataa, tafuta mwingine.