Boksi la B.B. King, "King of the Blues": CD nne za kusikiliza kwa mpangilio

Habari zenu wadau, karibuni tena, leo niko na hili boksi hapa mnaliona, King of the Blues la B.B. King, lilitoka 1992 chini ya kampuni ya rekodi ya MCA, CD nne, nyimbo zaidi ya 70, zimeanzia 1949 mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wengi mmekuwa mnauliza kwenye komenti blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, mtu aanzie wapi, na jibu langu ndo hili, ila lina walakini wake na nitausema wote, msiondoke.

Kwa asiyemjua, jina lake ni Riley King, kazaliwa 1925 kule Mississippi karibu na mji unaitwa Itta Bena, kachuma pamba, kaendesha trekta, baadae akahamia Memphis akapata kazi redio WDIA, na hapo ndo wakaanza kumwita Blues Boy wa Beale Street, mtaa wa muziki wa pale Memphis, ikafupishwa weee mpaka ikabaki B.B. Amefariki 2015 akiwa na miaka 89 na alikuwa anapiga shoo mpaka uzeeni kabisa. Gitaa lake aliliita Lucille, na stori yake ni hii: majira ya baridi 1949 anapiga kwenye ukumbi mmoja Twist, Arkansas, ukumbi wenyewe unapashwa joto na chombo cha mafuta ya taa yanawaka pale katikati, wanaume wawili wakazichapa wakakiangusha, moto ukashika, watu wote nje, yeye akakumbuka gitaa kaliacha ndani akarudi kulifuata kwenye moto. Baadae anaambiwa wale jamaa walikuwa wanamgombea mwanamke anaitwa Lucille, basi gitaa akalipa jina hilo ili asije akarudia kitendo kama kile. Humu mna wimbo unaitwa Lucille, ulitoka 1968, dakika kama kumi hivi, anaongea tu, anasimulia maisha yake, na gitaa linamjibu.

Na hapo kwenye gitaa kujibu ndo pa kutega sikio, kwa sababu huyu mzee alikuwa haimbi na kupiga kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, ananyamaza, Lucille anaongea, akimaliza mzee anarudi. Kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mwenyewe alisema wazi sio fani yake, alikuwa na bendi ya kumfanyia hiyo kazi. Sisi huku masikio yetu yamekulia kwenye solo la muziki wa dansi, Mbaraka Mwinshehe, Franco, gitaa likishashika linatiririka na kujizungusha mpaka watu wamejaa kati, sasa ukija kwa B.B. kwa masikio yale unaweza kusema mbona huyu hapigi? Subiri. Anapiga noti moja, anaishikilia, kidole cha mkono wa kushoto kinatetemeka juu ya uzi mpaka ile noti inalia, halafu anaiacha ife yenyewe kabla hajagusa nyingine. Ule ukimya anaouacha katikati ni sehemu ya wimbo, na ukilielewa hilo tu boksi zima linafunguka.

CD ya kwanza inaanza na Miss Martha King ya 1949, bado ni kijana, sauti ipo ila gitaa halijapata lugha yake. Halafu She's Dynamite, ilirekodiwa 1951 kwa Sam Phillips pale Memphis, yule yule aliyekuja kumtoa Elvis. Kisha Three O'Clock Blues, na hapa naomba muweke hedifoni. Ilirekodiwa kwenye jengo la YMCA Memphis, sio studio ya maana wala nini, na 1952 ikakaa namba moja kwenye chati ya R&B, yaani chati ya muziki wa Wamarekani weusi. Mtu saa tisa usiku usingizi haujapatikana, mpenzi haonekani, ndo habari yenyewe hiyo basi, lakini sikiliza gitaa linavyoingia kila anapomaliza mstari, utadhani kuna mtu wa pili humo chumbani anaitikia.

Sasa walakini. Miaka ya hamsini ndo miaka iliyomtengeneza, alikuwa lebo ya RPM, ya wale ndugu wa familia ya Bihari wa Los Angeles, anatoa hit juu ya hit, 1956 peke yake alipiga shoo 342, yaani karibu kila siku ya mwaka yuko jukwaani au yuko kwenye basi. Humu miaka hiyo inapita kwa nyimbo za kuhesabu, ukigeuka tu uko lebo ya ABC alikohamia 1962. Sababu naiona, MCA ndo walirithi rekodi za ABC kwa hiyo wamejaza cha kwao, lakini kwa kitu kinachodai kubeba maisha yote ya muziki ya mtu, hii inaniuma sana, Sweet Little Angel ya 1956 hukosi kuitamani ukishamaliza CD ya kwanza.

Tukija The Thrill Is Gone, ya 1969. Wa kwanza kuirekodi alikuwa Roy Hawkins 1951, B.B. aliipenda miaka yote hiyo mpaka akaipata namna yake. Prodyuza Bill Szymczyk akaongeza violini, na wakati huo kuweka violini kwenye blues watu walikuwa wanaona ni kuiharibu, ila zisikilize zinavyokuja, hazikimbilii mbele, mwanzoni hazipo kabisa, zinapanda taratibu kwa nyuma, mpaka mwisho pale mzee ameshamaliza kuimba ni violini na Lucille tu wanazungumza. Ilifika namba 15 kwenye chati kuu ya Marekani, mahali ambapo mtu wa blues alikuwa hafiki. Huo wimbo nimeusikiliza sijui mara ngapi na ile noti ya kwanza bado inanisisimua mwili.

Baada ya hapo kuna kipande kifupi, hakifiki hata dakika mbili, cha 1970, yeye na piano peke yake, Lucille kawekwa pembeni, anasema hakuna anayempenda isipokuwa mama yake na huenda hata mama naye anamzuga. Inauma na inachekesha kwa pamoja.

Wa Kongo mtaniuliza Kinshasa. Ndio, Septemba 1974 alipiga pale kwenye lile tamasha la kabla ya pambano la Ali na Foreman, jukwaa moja na James Brown, Miriam Makeba, Tabu Ley, Franco, lakini humu msiitafute, ile ipo kwenye video yake peke yake.

CD ya nne ni ya kuchagua. Miaka ya themanini ilimletea vinanda vya umeme ambavyo havikumsaidia, mimi Into the Night naruka. Ila There Must Be a Better World Somewhere ya 1981, aliyoandikiwa na Doc Pomus na Dr. John, ni moto, na ile aliyoimba na bendi ya rock ya U2 ya 1988 sauti yake inawafunika wale vijana wote.

Kwa hiyo chukueni, sikilizeni kwa mpangilio, msiwashe shuffle, na msitumie spika ya simu maana besi yote inapotea. Halafu pembeni tafuteni albamu yake ya shoo ya jukwaani, Live at the Regal, ilirekodiwa Chicago Novemba 1964, mkasikie wanawake wanavyopiga kelele kila Lucille akijibu.