Doa limetoka, na mng'ao wa marumaru umetoka nalo

Wasafishaji niliowaita walifika kwangu Ntinda, Kampala, saa mbili kamili asubuhi kama walivyoahidi, wakavua viatu mlangoni, wakasalimu kila mtu hadi mtoto, nami nikaanza kuwasifu kwa jirani kabla hawajagusa kitu. Kilichoniudhi ni dakika tano tu za meza ya jikoni.

Meza hiyo ni ya marumaru nyeupe, na ilikuwa na doa la mchuzi wa bizari, upana wa kisahani, nililolisugua miezi mingi bila mafanikio. Kijana akatoa chupa isiyo na nembo, akamimina, nami nikasikia mchemko kabla sijaona povu. Nilimuuliza, "Mwanangu, hiyo si asidi ya chooni?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mama, tuachie kazi yetu." Alipofuta, doa lilikuwa limefifia kweli, lakini mahali pake palikuwa pamepauka, na ukipitisha kidole unahisi ukavu kama wa chaki.

Marumaru ni ndugu wa chokaa. Ndimu tu au siki huila, sembuse asidi ile. Kilichobaki mezani si doa tena bali ni jiwe lililolika, na dawa yake ni kulisaga na kuling'arisha upya, gharama ambayo sasa ni yangu. Nilipompigia simu bosi wao akaniambia, "Mama, ulitaka doa litoke, si limetoka?" Akakata simu.

Kwa haki, ngazi za itale zilizoshika wekundu wa udongo walizisafisha vizuri hata nikazionea fahari, na kwa ajili yake nilikusudia kuwapa nyota tatu. Lakini pembeni mwa meza ile ile palikuwa na doa jingine, la mafuta ya kukaangia, ambalo nililikataza lisiguswe. Nilikoroga magadi ya kuokea kwa maji kidogo hadi yakawa rojo zito, nikalipaka, nikalifunika kwa nailoni usiku kucha, kisha nikalifunua likauke. Nilipolipaka mara ya pili mafuta yote yakawa yamenyonywa na mng'ao uko pale pale. Magadi ya shilingi chache! Wao niliwalipa 150,000.

Basi nyota tatu nimezifuta. Nawapa moja, nayo ni ya kuvua viatu mlangoni.